Kilo Nilizowasamehe

Watu kumi na mmoja walipanda ndege siku ile, na kumi kati yao nilikuwa nimewapunguzia uzito kwa kalamu.

Naitwa Ngusa. Kwa miaka sita nilikuwa mpimaji wa abiria na mizigo katika kiwanja cha Mwasenge, kipande cha changarawe chenye urefu wa mita elfu moja na mia moja, kilichochongwa katikati ya mashamba ya mpunga na mashimo ya wachimbaji wadogo, kati ya Kahama na Geita. Usidhani palikuwa na jengo la kujivunia. Palikuwa na banda la bati, mabenchi mawili, kizimamoto kimoja na mizani. Ndege ilikuja mara tatu kwa wiki kutoka Mwanza, ya injini moja, viti kumi na viwili vya abiria. Mtu anapanda kwenye mizani, nasoma, naandika. Mkoba wake unapanda, nasoma, naandika. Nikimaliza najumlisha, natia sahihi na kumpelekea rubani karatasi. Mkoba haukutakiwa kuzidi kilo kumi na tano. Kazi yenyewe ilikuwa hiyo tu, na mtu aliyeishia darasa la nne angeifanya vizuri kuliko nilivyoifanya mimi.

Watu walinipenda. Huko kwenye mashimo waliambiana, "Ukifika kiwanjani mtafute Baba Kabula, yule ana utu." Mizani ikisoma themanini na nne, naandika themanini. Mkoba ukisoma ishirini, naandika kumi na tano. Nilikuwa na maneno yangu ya kusindikiza: "Natoa mbili za viatu, natoa moja ya mkanda, natoa moja ya chai uliyokunywa asubuhi." Abiria anacheka, anabeba mkoba wake, safari njema. Tenda wema uende zako. Sikupokea hata soda ya mtu. Sisemi hivyo kwa kujisifu. Heri ningekuwa mla rushwa, maana mla rushwa anajua kwamba anaiba.

Maneno yale sikuyatunga mimi. Niliyatoa kwa karani wa pamba. Baba yangu alilima pamba kijijini kwetu, nyuma ya Maganzo, na kila msimu tulibeba magunia hadi kituo cha ununuzi. Kila msimu karani aliyeketi nyuma ya mizani alifanya hesabu yake kwa sauti, bila aibu: "Natoa mbili za gunia, natoa mbili za unyevu, natoa moja ya uchafu." Baba alijibu, "Sawa, karani," akavua kofia. Alimvulia mwizi kofia! Nilikuwa na miaka ishirini na nguvu za kumng'oa karani yule pamoja na kiti chake, lakini baba alinikanyaga mguu kunizuia. Siku ile niliapa kwamba nikija kushika mizani, hakuna mtu atakayepoteza kilo mkononi mwangu.

Basi nilipoishika, nikaigeuza ile hesabu. Karani alimpunja mkulima kwa faida ya kampuni, mimi nikaipunja kampuni kwa faida ya abiria. Ndivyo nilivyoamini. Miaka ile sita nililala usingizi mzuri sana.

Rubani wetu alikuwa Kapteni Valerian, mtu wa Ngokolo, Shinyanga mjini, mwembamba, amekwisha kupita miaka hamsini na tano, mpole hadi unaweza kumsahau akiwa amekaa mbele yako. Alikuwa na taratibu zake. Akishuka, kwanza anakwenda kutazama kipimajoto kilichoning'inia kivulini mwa banda. Halafu anatazama soksi ya upepo, ule mfuko wa kitambaa juu ya mlingoti unaoonyesha upepo unakovuma. Halafu anaketi kwenye benchi, anafungua kitabu cha ndege kwenye jedwali lake, anapitisha kidole mstari kwa mstari. Siku moja nilimtania kwamba anasoma kitabu kile kuliko padri anavyosoma misale. Hakucheka. Aliniita nikae karibu naye.

"Ngusa," akasema, "watu wanadhani ndege ina uzito wake mmoja wa mwisho. Hapana. Upo uzito wa kiwandani, huo hauvukwi hata siku moja. Halafu upo uzito wa leo. Joto la leo, upepo wa leo, urefu wa kiwanja hiki, na lile lundo kule mwisho. Hewa ikipata joto inakuwa nyepesi, bawa linakosa cha kushika. Asubuhi na mapema naweza kuruhusiwa kubeba viti vyote, na saa nane mchana, kiwanja hiki hiki, nikaambiwa acha watu wawili. Si mimi ninayekataa. Ni sheria, na sheria hii iliandikwa na watu waliookota maiti."

Lundo alilolitaja lilikuwa la magwangala, yale mawe ambayo wachimbaji wamekwisha kuyakamua dhahabu wakayatupa. Lilikuwa nje ya uzio upande wa kusini, limepimwa urefu na kuchorwa kwenye ramani ya kiwanja, na Kapteni alilihesabu kila aliporuka.

Nilimsikiliza kwa heshima, na moyoni nikamwona mwoga. Nilidhani vitabu vile vimewekewa akiba. Mwandishi wa kipimo chochote, niliwaza, huficha kilo chache nyuma ya pazia, kama karani. Wakisema mia tisa, ndege itabeba elfu moja. Ujinga wangu wote ulikuwa hapo. Mtoto wa mkulima wa pamba hakuweza kuamini kwamba ipo mizani duniani isiyo na hila, wala kitabu kisicho na kilo zilizofichwa.

Kila nilipomkabidhi karatasi, Kapteni aliuliza swali lile lile: "Ngusa, karatasi hii ni ya kweli?"

"Kweli tupu, Kapteni."

Anaitia sahihi, anakwenda.

Siku ile ilikuwa ya Novemba, mvua zimechelewa, vumbi limekaa hewani halitaki kushuka. Ndege ilitakiwa ifike saa tatu asubuhi, lakini Mwanza wingu zito lililala juu ya ziwa, wakasubiri. Ilitua saa saba na nusu mchana. Kapteni akaenda kwenye kipimajoto. Thelathini na nne. Soksi ya upepo ilikuwa imelala kwenye mlingoti wake. Akafungua jedwali, akahesabu mafuta, akahesabu mara ya pili, akaniambia, "Leo abiria na mizigo yao yote visizidi kilo mia tisa na tano."

Nilikuwa nimekwisha kupima watu kumi tangu asubuhi. Wa kwanza alikuwa Charles, mwenye duara lake, yaani shimo la dhahabu, huko machimboni, mtu wa miraba minne. Mizani ilisoma mia moja na saba, nikaandika mia moja. Mkoba wake ulisoma ishirini na mbili, nikaandika kumi na tano. Alinipiga bega kwa furaha. Mwalimu Klara alikuwa na boksi la vitabu, nikamsamehe kilo sita. Wengine tatu, wengine nane, wengine kumi. Jumla ya watu kumi kwenye karatasi yangu ilikuwa mia nane ishirini na moja. Nafasi ya mtu mmoja ilikuwepo.

Nilipotaka kufunga daftari ikaja pikipiki imewabeba wanawake wawili. Mmoja alikuwa Lusia, mama wa makamo, mke wa mkulima mmoja anayeitwa Mageni. Wa pili alikuwa wifi yake, amemsindikiza. Tairi ya pikipiki ilikuwa imepasuka njiani. Lusia alikuwa anakwenda Mwanza kumwangalia binti yake Loveness aliyejifungua mtoto wa kwanza. Mkwewe, fundi wa mitambo mgodini, ndiye aliyemkatia tiketi. Hakuwahi kupanda ndege maishani mwake, na alikuwa amevaa khanga mpya mbili ambazo bado zilikuwa na harufu ya dukani.

Alikuwa na kilo sitini na moja. Sijui kwa nini, yeye nilimwandika kama alivyo. Labda nilikuwa na haraka. Mkoba wake ukasoma kumi na tisa.

"Hakuna neno, Mama Loveness," nikamwambia. "Naandika kumi na tano."

Akatazama kibao cha masharti ukutani. "Kibao kile kinasemaje, kaka?"

"Kinasema kumi na tano."

"Na mizani?"

"Kumi na tisa."

"Basi zimezidi nne. Usiniandikie uongo, kaka yangu. Hapa nilipo naogopa tayari. Nikianza safari kwa uongo nitafikaje?"

Akapiga magoti sakafuni, akafungua mkoba mbele ya watu, akaanza kutoa. Mchele. Michembe, vile viazi vikavu vya kwetu ambavyo mwanamke wa Kisukuma aliyejifungua hawezi kukosa kuletewa. Kila alipotoa kitu alinitaka nipime tena. Ilipofika kumi na tano kamili akamkabidhi wifi yake vilivyobaki, wakacheka wote wawili. Nilikasirika kidogo, sitaficha. Nilimwona anajifanya mtakatifu na kuniaibisha mbele ya abiria wangu. Kabla ya kutoka akaniuliza kama huko juu kuna baridi. Nikamwambia ipo kidogo, ajifunike khanga.

Nikajumlisha. Mia nane tisini na saba. Zimebaki kilo nane chini ya kikomo.

"Ngusa, karatasi hii ni ya kweli?"

"Kweli tupu, Kapteni."

Utaratibu ulitaka nisimame karibu na kizimamoto mpaka ndege ipae, kwa hiyo niliona yote. Injini ililia vizuri. Ndege ilianza kukimbia, vumbi nyuma yake. Miaka sita nilikuwa nimejua pale inapoacha ardhi wakati wa mchana, usawa wa mti mmoja wa mgunga. Ikaupita mgunga ikiwa bado inakimbia. Nikasema moyoni, inuka. Ikainuka, lakini kwa uvivu, kama mtu aliyebeba gunia linalomlemea. Ikapita uzio. Tairi la kushoto likagusa kichwa cha lile lundo la magwangala. Liligusa tu. Mawe machache yakaruka hewani, bawa likalala upande, na ndege ikaanguka kwenye majaruba ya mpunga upande wa pili.

Haikuwaka moto. Nilikimbia na kizimamoto mkononi na sikukitumia. Wachimbaji walikuwa wamefika kabla yangu, wanavuta watu kwa mikono. Kapteni alikuwa amenasa kwenye kiti chake, mguu umegeuka upande usiostahili, damu inamtoka mdomoni. Akaniona. "Wahesabu watu, Ngusa," akaniambia. "Wako wangapi?"

Nilihesabu kumi walio hai. Lusia alikuwa amekaa kwenye kiti cha nyuma, mkanda umefungwa, khanga imemfunika mabegani, shingo imelegea. Nilimshika mkono nikamwita jina la mwanawe mara nyingi. Mtu mmoja akaniondoa pale.

Usiku ule mvua iliyochelewa ikanyesha. Kesho yake mikoba ilikuwa imepasuka, mchele umechanganyika na tope, nusu ya mizigo imeokotwa na wapita njia. Abiria walikuwa hospitalini wamefungwa plasta. Hakukuwa na kitu cha kupima tena. Msimamizi wetu wa kiwanja, Enock, aliniweka kando akaninong'oneza.

"Karatasi yako iko safi, Baba Kabula. Mia nane tisini na saba. Wewe tulia, mshukuru Mungu."

"Enock, kuna kitu..."

"Sitaki kukisikia," akasema. "Na wewe usikitamke."

Nikatulia. Wachunguzi walikuja kutoka Dar es Salaam, watu makini, wakapima kiwanja, wakapima lundo, wakapekua injini kipande kwa kipande. Injini ilikuwa nzima. Joto lilikuwa lile lile lililoandikwa. Upepo haukuwepo. Uzito, kwa mujibu wa karatasi, ulikuwa chini ya kikomo. Ndege yenye uzito ule, wakasema, ingepita juu ya lundo na nafasi ikabaki. Kwa hiyo kilichobaki ni mkono wa rubani: huenda alichelewa kuinua pua. Leseni ya Kapteni Valerian ikasimamishwa, na kamati ikapangwa kuketi Shinyanga mjini mwezi Machi kuamua kama atanyang'anywa moja kwa moja. Alikuwa ameruka miaka thelathini na moja bila kumchubua mtu.

Miezi minne nilinyamaza. Nilijiambia nina watoto. Nilijiambia watanifunga. Nilijiambia kilo zile hazikuwa nyingi, na hapo ndipo nilipokuwa najidanganya zaidi, maana mizani niliyoisoma siisahau, na kila nikifumba macho kilo zilinijia moja moja na kujipanga. Haba na haba hujaza kibaba. Methali hiyo nimeifundisha wanangu wote.

Mwezi Februari nilikwenda Ngokolo kumjulia hali. Nilijiambia ninakwenda kumweleza. Nilimkuta kwenye kibaraza cha nyumba yao, mguu umenyooshwa juu ya kigoda, magongo yameegemea ukuta. Juu ya mapaja yake palikuwa na kile kitabu, au nakala yake, na daftari la shule lililojaa tarakimu.

"Shikamoo, Kapteni."

"Marahaba, Ngusa. Karibu. Umefanya vizuri kuja, nilikuwa nakuwaza." Akanigeuzia daftari. "Tazama. Nimerudia hesabu mara arobaini. Joto, thelathini na nne. Uzito, huu ulionipa. Kila nikirudia, ndege inapita juu ya lile lundo. Lakini mimi nilikuwemo, na haikupita."

Nilitazama zile tarakimu. Ya kwanza kwenye kila ukurasa ilikuwa ya kwangu, mia nane tisini na saba, ameiandika kwa mwandiko mzuri na kuipigia mstari.

"Ngusa," akasema taratibu, "sikuulizi kwa ubaya. Karatasi ile ilikuwa ya kweli?"

Mke wake alikuwa anatuletea chai. Nilisikia vikombe vinagongana. Ulimi wangu ulikuwa umekwisha kuzoea njia yake, ukaifuata.

"Kweli tupu, Kapteni."

Akavuta pumzi ndefu, akafunga daftari. "Basi ni mimi," akasema. "Nilikuwa nasubiri tu neno lako. Basi ni mkono wangu."

Sikunywa chai ile. Nilitoka nikatembea mpaka stendi, na njiani nilijitukana kwa Kiswahili na kwa Kisukuma, matusi yote ninayoyajua, na hayakutosha.

Kamati iliketi kwenye ukumbi mdogo mjini, mafeni yanazunguka juu. Mwenyekiti alikuwa mama mmoja mtaalamu wa mambo ya anga, Rhoda, mwenye sauti ndogo na miwani mikubwa. Kapteni alikaa mbele na magongo yake. Mimi nilikuwa kwenye benchi la mashahidi, Enock pembeni yangu. Upande wa pili alikuwa Mageni, mume wa marehemu, amevaa koti la suti ambalo bila shaka lilikuwa la harusi, mikono yake mikubwa ya mkulima ameiweka magotini. Hakuwa shahidi. Alikuja kusikiliza mke wake alikufaje.

Mama Rhoda alimuuliza Kapteni kama ana la kujitetea. Akasimama kwa shida.

"Mheshimiwa mwenyekiti, sina. Nimekagua hesabu. Karatasi ya uzito ilikuwa ya kweli, mpimaji wangu ni mtu mwaminifu. Sheria ilinipa kila nilichohitaji ili niruke salama, na mimi sikuruka salama." Akageuka kumtazama Mageni. "Baba Loveness, mke wako alikuwa mikononi mwangu. Niwie radhi. Leseni nairudisha mwenyewe, msihangaike kuninyang'anya."

Akaitoa mfukoni mwa shati, akaanza kuisogeza mezani.

Nikasimama. Enock alinivuta suruali, nikamsukuma mkono. "Si ya kweli," nikasema. Sauti ilinitoka kubwa kuliko nilivyotaka. "Ile karatasi. Si ya kweli hata kidogo. Niliwapunguzia watu kilo."

Mama Rhoda alivua miwani. Hakunifokea, na heri angenifokea. "Uliwapunguzia kwa malipo?"

"Hapana. Kwa huruma."

"Walikuomba?"

Katika miaka sita sikuwahi kujiuliza swali hilo. "Hapana," nikasema. "Hakuna aliyeniomba."

"Unakumbuka ulipunguza ngapi?"

"Zote nazikumbuka."

Akampa karani wa kamati ishara aandike. Nikaanza na Charles, saba za mwili na saba za mkoba. Mwalimu Klara, sita za vitabu. Nikaendelea mmoja mmoja, na kalamu ya karani ikawa inakwaruza karatasi. Nilipofika kwa Lusia nikasema, "Huyu sikumpunguzia. Nilitaka, akakataa. Alitoa vitu vyake mwenyewe mpaka mizani ikawa sawa." Mageni aliinua uso akanitazama kwa mara ya kwanza.

Karani akajumlisha. Kilo themanini na moja. Uzito wa kweli ulikuwa mia tisa sabini na nane, sabini na tatu juu ya kikomo cha siku ile.

Kapteni alikuwa bado amesimama. Hakunitazama. Alilifungua lile daftari lake la shule, akaegemea gongo moja, akaandika tarakimu mpya juu ya ukurasa na kupitisha kidole kwenye jedwali. Tulimsubiri. Nilimwona anafika mwisho wa mstari, na mabega yake yakashuka, yale mabega aliyokuwa ameyakaza tangu Novemba. Akakaa chini akafunika macho kwa kiganja.

"Kapteni," Mama Rhoda akasema, "kama ungeletewa karatasi yenye mia tisa sabini na nane, ungefanya nini?"

"Nisingeruka hivyo, mheshimiwa."

"Ungepunguza nini?"

"Utaratibu wetu ni kwamba anayebaki ni yule aliyeandikwa wa mwisho, yeye pamoja na mzigo wake. Angekwenda na ndege inayofuata, keshokutwa yake."

"Mtu mmoja angetosha?"

Alitazama daftari. "Hao kumi wa kwanza, kwa uzito wao wa kweli, ni mia tisa na mbili. Ningeruka nao, na zingebaki kilo tatu."

Mama Rhoda akaivuta karatasi yangu mbele yake, ile halisi, yenye sahihi yangu chini. Akashuka kwa kidole mpaka mstari wa kumi na moja. Hakusoma kwa sauti. Hakukuwa na haja, kila mtu mle ndani alikuwa amekwisha kunisikia nikitaja majina kwa mpangilio.

Mageni ndiye aliyezungumza. Alizungumza taratibu, Kiswahili cha mtu anayekitafsiri kichwani kwanza, na alikuwa anamtazama Kapteni, si mimi.

"Kwa hiyo mngemshusha."

"Ningemshusha, Baba Loveness."

"Angebaki pale kiwanjani, na mkoba wake."

"Ndiyo."

"Angenuna," Mageni akasema. "Nyinyi hamumjui. Angerudi nyumbani amenuna siku mbili nzima, hapiki, haongei, anawasema watu wa ndege." Akatikisa kichwa, na mdomo wake ukajaribu kutabasamu ukashindwa. "Ningemwambia, vumilia mama, keshokutwa si mbali."